Injini Ikizimwa Patea

Aparima
Jumapili, 6 Machi 1994

Mdogo wangu Rewi,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Wewe sijui uko vipi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu kama mwalimu mstaafu asiye na la kufanya, ambaye kwa kweli ndiye mimi.

Mwezi mzima hujapiga simu. Tangu uanze kazi ya boti huko kwenye ghuba ya Patea umekuwa ukinipigia kila Jumapili kutoka bwenini kwenu gatini, hata ile Jumapili mvua iliposomba barabara ya mlimani mkabaki mnakula biskuti. Sasa kimya. Nilidhani simu imeharibika, nikamuuliza mke wa dereva wa basi lenu kule Manapouri. Akacheka. Anasema simu iko salama, mumewe anamsumbua nayo kila jioni. Basi simu ni nzima, mgonjwa ni wewe, na ugonjwa wenyewe ni kununa.

Tuseme ukweli. Mara ya mwisho tulipozungumza nilikuambia jambo langu. Silirudii hapa, maana binti wa posta yetu anasoma barua bila kufungua bahasha. Nilikuwa nimelibeba moyoni wiki nzima ndipo nikalitoa, na wewe ukanijibu, "Ndiyo, ndiyo, sawa dada, huku mvua kubwa," ukakata. Nikabaki nimeshika simu jikoni, chai inapoa.

Kama limekuudhi, sema. Mimi ndiye niliyekulea mama alipougua, nimekupangusa makamasi kwa aproni yangu. Huwezi kunitisha kwa kununa. Nataka jibu, na nalitaka kwa maandishi, maana mdomo wako naona umekuwa mzito.

Dada yako,
Huia


Gatini, Patea
14 Machi 1994

Dada Huia,

Nani kanuna? Mimi sijanuna. Simu ya hapa ni mbovu, mke wa dereva aseme atakavyo. Inakoroma tu. Halafu watu siku hizi wanazungumza kama wana viazi vya moto mdomoni, si simuni tu, hata ana kwa ana. Nimechoka kuwaambia watu waseme sawasawa.

Kazi ipo tele. Boti yetu Korora inatoka mchana na abiria, tunakwenda mpaka mdomoni mwa ghuba kuwatazama sili, tunarudi kulala kwenye mkono wa ndani wa ghuba, asubuhi nawaleta gatini wakiwa wamebadilika sura. Mvua haijakatika. Wanapanda boti wamenuna, hao ndio walionuna, wanataka warudishiwe jua lao. Tukipinda kona ya kwanza wanaona maji yanashuka kutoka kila ufa wa mwamba, juu kabisa mawinguni, wanasahau walikuwa wanalalamikia nini. Jana mmoja alisahau hata usubi waliokuwa wanamla shingoni.

Kuhusu jambo lako, nimelifikiria sana. Ushauri wangu ni usiharakishe. Umevumilia miaka yote hii, baridi moja zaidi haitakuua. Na usimkubali wa kwanza anayebisha hodi. Invercargill wamejaa, tena vijana wenye nguvu zao. Mmoja akikupendeza, mjaribu kwanza kwa kazi ndogo, ukiona anakuja saa anayotaka yeye, mfukuze. Mimi usinitegemee kwa kubeba wala kupanda, mgongo wangu unaujua.

Msalimie paka.

Rewi


Aparima
20 Machi 1994

Rewi Paterson,

Vijana wenye nguvu zao! Nimjaribu kwa kazi ndogo!

Binti wa posta na asome, sasa sijali. Nina miaka sitini na moja. Desmond Aitken ana sitini na sita, ni mjane, alikuwa mkata manyoya ya kondoo na leo anaendesha basi la shule Tuatapere. Hajabisha hodi tu, ameniletea kuni majira mawili ya baridi bila kuombwa, akinikuta nimelala anazipanga ukutani na kuondoka. Ameniomba nimuoe, nami nimemkubali. Yaani amenioa, unajua ninachotaka kusema, nimekasirika mpaka naandika ovyo.

Sikukupigia simu kukuomba ushauri. Nilikuuliza swali moja. Baba hayupo, kaka mwingine sina, je, utasimama nami siku hiyo? Hilo tu. Badala ya kusema ndiyo au hapana umenifanyia kejeli ya kihuni, na bado unanipa salamu za paka.

Usiniandikie mpaka ujifunze adabu.

Huia


Gatini, Patea
29 Machi 1994

Dada Huia,

Hunifahamu sana. Mimi ni Joyleen Tait, mpishi wa Korora, pia ndiye ninayefunga kamba na kuwafundisha abiria kutumia choo cha boti. Tulionana mara moja kwenye maonyesho ya kondoo, ulisifu keki yangu ya tangawizi.

Rewi hajui kwamba nakuandikia, na akijua ataacha kula chakula changu. Lakini jana alikuja jikoni na barua yako mkononi, uso umemwisha damu. Akaniambia, "Joyleen, mimi nilidhani ni paa." Nikamuuliza paa gani. Akasema mwaka jana ulilalamika kwamba paa lako linavuja, kwa hiyo uliposema jambo lile simuni, akajua ni mafundi wa paa. Alijua vipi? Alikisia. Dada, hakusikia hata neno moja. Alikuwa anakujibu ndiyo, ndiyo, kama anavyomjibu kila mtu.

Kaka yako hasikii. Si kwamba hasikii kabisa. Ukisimama mbele yake akaona mdomo wako, mtazungumza vizuri. Geuka tu, umempoteza. Miaka ile yote ya boti za kambakoche, amelala kwenye kitanda juu ya injini ya dizeli, ndiyo imemla masikio. Simu haina mdomo wa kutazama, ndiyo maana ameiacha.

Unajua desturi yetu huku. Kila safari, tukifika ndani kabisa ambapo ukuta wa mlima uko pande zote, nahodha wetu Rewi anazima kila kitu. Injini, jenereta, friji yangu, hata feni ya chooni. Abiria wanaombwa wasiseme, wasipige picha, wasiburute buti. Tunakaa hivyo tu. Watu wamevuka nusu ya dunia kwa ajili ya hapo. Mwezi uliopita alizima injini akasahau jenereta. Ikawa inanguruma chini ya miguu ya watu, na watu wenyewe wastaarabu, wamefumba macho, kila mmoja anadhani labda ndivyo inavyokuwa. Yeye amesimama kando kashika kofia, anatabasamu. Mwisho akawauliza, "Mmesikia?" Bwana mmoja wa Dunedin akajibu, "Tumesikia, tena sana." Nilitaka kucheka, nikarudi jikoni.

Tangu siku hiyo jenereta naizima mimi kimyakimya. Hilo naweza kulificha. Lingine siwezi. Wiki iliyopita kulikuwa na ukungu mzito, mimi namenya viazi, nikasikia honi ya boti ya wavuvi upande wa kulia. Ikalia tena, karibu zaidi. Korora haikupunguza mwendo. Nilipanda ngazi na kisu mkononi, nikavuta mkono wa injini mwenyewe. Boti ile ilipita karibu kiasi kwamba niliona mdomo wa mvuvi na matusi yote yaliyokuwa ndani yake. Rewi akasema, "Nilimwona." Hakumwona, dada. Abiria walipiga makofi, walidhani ni sehemu ya safari.

Anajua. Nahodha aliyekuwa kabla yake aliishiwa nguvu za macho, wakamteremsha, wakampa kibanda cha kuuza kofia kule Manapouri. Rewi kila akipita pale anatazama upande mwingine. Ameniambia bila boti hana pa kuamkia. Nikienda kwa wakubwa wa kampuni, nimemmaliza. Nikinyamaza, siku moja ataua watu, na mimi nikiwa mmojawapo. Sipati usingizi. Wewe ni damu yake, tafadhali fanya jambo kabla sijalazimika kulifanya mimi.

Wako,
Joyleen


Aparima
3 Aprili 1994

Mpendwa Joyleen,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikacheka mpaka Desmond akaja kuona kuna nini. Paa! Mungu wangu. Kwa hiyo hakunichukia. Hakumdharau Desmond. Nilikuwa nimebeba jiwe kifuani, na sasa limeanguka.

Halafu nikasoma tena habari ya honi, nikaona haya kwa kicheko changu.

Nikimwandikia atakana. Ndiyo tabia yake tangu mtoto, alivunjika mkono akaenda shule siku tatu akiandika kwa mkono wa kushoto. Nikimwambia uso kwa uso atasoma midomo yangu na kunijibu vizuri, kisha atasema umeona, nasikia. Lazima akamatwe bila kutazama mdomo wa mtu.

Tuwekee vitanda viwili safari ya katikati ya mwezi, kwa jina la Aitken. Usimwambie. Jenereta uizime kama kawaida, mengine niachie mimi. Na ulivyofanya siku ya ukungu, mimi na mama yetu aliyelala kaburini tunakushukuru.

Huia


Gatini, Patea
19 Aprili 1994

Huia,

Naandika mara moja tu, kisha basi.

Nilipokuona unapanda boti na koti lile la njano nilifurahi kama mpumbavu. Nikasema dada amenisamehe. Bwana wako nikampa mkono, nikampa chumba chenye dirisha. Kule mdomoni mwa ghuba mawimbi ya bahari kuu yalipotushika akawa wa kijani, nikamshikia ndoo mwenyewe. Jioni tukala pamoja, tukala mikate ya jibini ya Joyleen mpaka sahani ikabaki na makombo, nikamwona ni mtu wa maana. Hazungumzi sana. Nilikuwa nimeshapanga asubuhi, tukishamaliza, nikuvute kando nikuambie nitasimama nawe, na kukuomba radhi kwa ule upuuzi wa paa.

Asubuhi nikazima kila kitu. Nikavua kofia. Maji yalikuwa yametulia, mlima umelala ndani yake kichwa chini. Ndipo nikaona mama mmoja wa pale mbele anageuka kunitazama. Akageuka mwingine. Wakageuka wote, boti nzima, wengine wamefunika midomo kwa viganja. Nikadhani sili amepanda nyuma yangu. Nikatazama, ni wewe. Umesimama karibu ungeweza kunigusa, machozi yanakutoka, na mdomo wako ndiyo kwanza unafungika.

Yule mama akaja akanishika mkono, akanisogelea usoni. Anatoka Gore, mfugaji, mikono mikubwa. Akaniambia, "Mjibu basi, baba. Amekuuliza mara tatu."

Umenivua nguo mbele ya watu, Huia. Ungenipeleka chumbani. Ungeniandikia. Ukachagua pale, mahali ambapo hata kikohozi hakiruhusiwi, ukajua kwamba kila mtu atasikia isipokuwa mimi. Watu wamevuka bahari kuja kusikiliza ukimya, wakamsikiliza kiziwi anavyoumbuliwa na dada yake.

Niliwasha injini, nikawarudisha gatini bila kusema neno kwenye kipaza sauti. Wote walinipa mkono walipokuwa wanashuka. Wakinihurumia. Heri wangenitukana.

Joyleen ameniambia kila kitu, mpaka honi. Ile honi ndiyo inayonikosesha usingizi, si wewe. Lakini na wewe pia. Usije, usiandike.

Rewi


Tuatapere
24 Aprili 1994

Rewi,

Huia amekatazwa kuandika. Mimi sikukatazwa, kwa hiyo naandika. Si mzoefu, utanivumilia.

Dada yako hali chakula vizuri. Anapika na kumpa paka. Alipouliza lile swali mara ya kwanza, alikuwa anaomba Mungu ugeuke. Nilikuwa nimesimama ngazini, nilimwona. Mara ya pili pia. Alitamani Joyleen awe amekosea. Mara ya tatu alikuwa anakuuliza kweli, hakukumbuka tena kama kuna watu. Nataka ujue hilo, kwa sababu unadhani alikuwa anakuonyesha kwa watu.

Sasa langu. Tulikula meza moja usiku ule. Ulikaa kushoto kwangu. Uliniambia vijana siku hizi hawafungui midomo, nami nikakubali. Nina kifaa cha kusikia kwenye sikio la kushoto, tangu nilipoacha kukata manyoya. Mashine zile za kukatia zinapiga kelele mchana kutwa, sote wa kundi letu tumekuwa viziwi, baadhi wanakiri, baadhi wanaongea peke yao baa. Hukukiona. Ulikuwa umekaa karibu nacho kuliko uma wako, na hukukiona. Nilipokuwa natapika nilikishika kisije kikaangukia kwenye ndoo, ukadhani naumwa sikio, ukanipa pamba.

Naendesha watoto wa watu kila siku kwenye barabara nyembamba zenye malori ya magogo. Kila mwaka napimwa na kila mwaka napita. Nilipogundulika, nilikuwa nimeshaanza kuaga watoto. Mama daktari wa Invercargill aliniuliza nalia nini, akaniambia nisubiri kwanza nivae kifaa ndipo nilie.

Sijui sheria za mabaharia. Pengine watakuteremsha. Lakini hivi sasa unaendesha boti na hofu, na siku ukungu ukirudi Joyleen huenda akawa anaosha sufuria. Hilo unalijua kuliko mimi.

Jumatano sina watoto, shule zimefungwa. Nitakuwa Manapouri, mahali inapofungwa ile boti ya ziwani inayowavusha kwenda na kurudi huko kwenu. Ukija, nitakupeleka kwa yule mama daktari. Usipokuja, nitakula pai yangu nirudi nyumbani. Hakuna haja ya kujibu.

Desmond Aitken


Invercargill
20 Mei 1994

Dada yangu Huia,

Kaa chini kwanza.

Nilikwenda. Desmond huenda amekueleza, huenda hakusema, kwa ule utulivu wake. Nilimkuta kwenye gari anakula pai, nikafungua mlango nikakaa. Hakuniuliza kitu. Tulipofika Lumsden akanikatia nusu.

Kabla ya daktari nilipita ofisini kwa kampuni nikawaambia mwenyewe, na honi nikawaambia, yote. Wakaniondoa kwenye boti siku ileile, wakamweka nahodha wa akiba. Nilitoka pale nikiwa nimeshajiona kwenye kibanda cha kofia, nimeshachagua hata kiti. Majuma haya nimelala kwenye chumba cha kupanga, natazama dari, sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika isipokuwa hofu. Niliogopa, Huia. Sijawahi kuogopa hivyo baharini.

Mama daktari alinipima, akaniambia masikio yangu ni ya mtu wa miaka tisini. Nikamwambia mpe pole huyo mzee. Akanipa vifaa viwili, kimoja kila upande, rangi ya ngozi ya Mzungu aliyekaa ndani. Siku ya kwanza nilivitoa, gazeti lilikuwa linapiga kelele nikilikunja. Siku ya pili nikavumilia.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mkaguzi wa mabaharia alinipandisha kwenye boti nisiyoijua, injini zinaunguruma. Akasimama nyuma yangu, akasema mambo kwa sauti ya kawaida, nami nirudie. Akanifanya nipokee redio ya upepo. Akamtuma mtu ndani ya boti nyingine, mbali, nyuma ya meli ya magogo, apige honi bila kuniambia lini wala upande gani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikasema, "Kushoto, nyuma kidogo, na honi yake ina kutu." Mkaguzi akacheka. Akaandika, akapiga muhuri.

Nimepita! Nivae nikiwa kazini wakati wote, niwe na jozi ya akiba kwenye boti, nipimwe kila mwaka, na penye ukungu awepo mtu wa pili juu nami. Hayo tu. Nimerudishiwa Korora. Nimetoka pale nikaingia kwenye gari la Desmond, nikalia kwa sauti, na kibaya zaidi safari hii nilijisikia. Desmond akawasha redio ya muziki kunisitiri.

Nilikukasirikia kwa sababu ulinikamata. Ningekuwa bado najidanganya, na huenda leo mngekuwa mnatafuta watu majini. Ulifanya vizuri. Njia uliyochagua ilikuwa mbaya, na sidhani kama kulikuwa na nyingine.

Swali lako umeuliza mara nne sasa, ukihesabu na simu. Jibu ni ndiyo. Nitasimama nawe, nitavaa tai, na mtu akiniuliza kama nina pingamizi juu ya bwana huyu nitasema pai aliyonipa ilikuwa nusu ndogo.

Mdogo wako,
Rewi


Aparima
24 Mei 1994

Rewi wangu,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Vizuri kwamba nilikaa.

Asante Mungu. Asante mama daktari, asante mkaguzi na muhuri wake. Nimezunguka nyumba nikigusa vitu, sijui kwa nini. Nilidhani nimekuokoa na kukuua kwa siku moja. Usiku ule baada ya boti nilimwambia Desmond nimempoteza kaka, akasema ngoja, na mimi nikamwambia wewe na ngoja yako. Kumbe alikuwa anajua anachofanya.

Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, ukumbi wa hapa, kutakuwa na chaza wa Bluff. Uje na Joyleen. Keki ataoka yeye, nimeshamwomba.

Bado naona haya kwa ajili ya wale abiria. Yule mama wa Gore ameniandikia, anataka kujua ulijibu nini. Nimwambie?

Dada yako,
Huia


Gatini, Patea
12 Juni 1994

Dada Huia,

Mwambie.

Jana nilirudi kazini. Joyleen alinipikia mguu wa kondoo, nikamwomba radhi kwa siku zote nilizosusa chakula chake, akasema hakuona tofauti. Abiria walikuwa wachache, ni majira ya baridi, wengi wao wazee. Theluji imeshuka mpaka kwenye miti. Pomboo walikuja mdomoni mwa ghuba wakatusindikiza, na Huia, pomboo wanapumua! Nimewaona maisha yangu yote na sikuwa nakumbuka kwamba kila wakitokeza wanatoa pumzi kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi.

Leo asubuhi nikaingiza Korora kwenye mkono wa ndani. Nikawaambia abiria maneno yangu ya kila siku. Huwa nawaambia, "Sasa nitazima, na mtasikia kitu ambacho hamjawahi kusikia, kutokuwepo kwa sauti hata moja. Hapa hakuna kitu cha kusikia kabisa." Nimeyasema maneno hayo mamia ya safari. Watu huyaandika kwenye kadi wanazotuma kwao. Nikazima injini. Nikazima jenereta kwa mkono wangu mwenyewe, Joyleen akinichungulia. Nikavua kofia.

Kulikuwa na kelele kila mahali.

Maporomoko ya upande wa pili yalikuwa yananguruma, na la kulia lina sauti nyembamba, tofauti na la kushoto. Theluji inayeyuka juu na matone yanadondoka kutoka jani hadi jani mpaka yanafika majini. Ndege anaimba ndani ya msitu, mwingine anamjibu ng'ambo, wanapokezana. Jiwe limeporomoka mahali fulani juu. Sili kapiga chafya. Kamba inalia pale ilipofungwa, tumbo la mzee mmoja linadai chai, na mtu fulani karibu nami anavuta pumzi kwa tabu, nikamtafuta ni nani, kumbe ni mimi.

Hapa hakuna kitu cha kusikia! Nimewaambia hivyo watu wa mataifa yote, Huia, mbele ya hayo yote, na hakuna hata mmoja aliyenibishia. Wamesimama wanasikiliza ndege huku nahodha anawahakikishia hayupo. Nilikuwa nawasimulia masikio yangu nikidhani nawasimulia Patea.

Sikuweza kuwasha injini. Muda ukapita, sikuweza. Wazee wakaanza kutazamana, mmoja akanyoosha mkono kama darasani. Nilikuwa bado nawasikiliza wale ndege wawili, nataka kujua nani atanyamaza kwanza.

Basi Joyleen akapanda ngazi, akaja mpaka sikioni kwangu, na kwa mazoea ya miaka yote akafungua koo lake lote, "NAHODHA! TUNALALA HAPA?" Mwangwi ukaenda ukarudi. Mama mmoja akamwaga chai.

Nikamwambia, "Joyleen, usinipigie kelele. Nimekusikia tangu ulipofungua mlango wa jikoni."

Rewi